Kapiga Picha Mtaa wa Mabucha Uingereza, Watu wa Tarime Wakamkumbusha Bucha la Kwao

Yule mwanadada wa matangazo ya vipodozi, yule ambaye akibadilisha nywele tu mji mzima unajua, alikuwa Uingereza. Jina halitajwi, wenye kujua wameshajua. Safari hii hakuishia London kupiga picha na basi jekundu kama wenzake. Alipanda treni, mwendo wa kama saa mbili hivi, akashukia York, mji wa zamani kaskazini mwa England. Akazunguka, akala keki, akapiga picha, akaposti.

Picha iliyozua balaa ni moja tu. Kasimama katikati ya kichochoro chembamba, koti refu la kaki, nyumba za mbao za kizamani zimemwinamia kushoto na kulia kama zinataka kumnong'oneza umbea. Chini akaandika kwamba wenzetu wanatunza historia yao, sisi huku kazi kubomoa na kupaka rangi. Akamalizia na alama ya moyo uliovunjika.

Hapo sasa.

Kundi la kwanza likampa maua yake, kwamba dada kasema ukweli mchungu. Kundi la pili likamvaa: mtu kala nauli ya ndege, kafika kwa watu, badala ya kula bata anaanza kuponda kwao. Kawaida tu, mtandaoni huwa hivyo. Lakini likaja kundi la tatu, watu wa Mara, na hao hawakuwa na habari na nyumba za Wazungu. Walikwenda moja kwa moja kwenye maelezo ya juu ya ukurasa wake, pale alipoandika kwamba anatokea Mwanza. Mwanza! Dada, Mwanza ipi hiyo, mmoja akauliza, ile ya Tarime au kuna nyingine?

Wanaodai walisoma naye shule ya msingi wakaanza kumwaga stori. Mmoja akaandika kwamba baba yake mdogo alikuwa na bucha Tarime mjini, watu wanajaa Jumapili asubuhi kusubiri nyama na kichuri, na staa mwenyewe wakati huo ni binti mdogo, anakaa kwenye benchi la mbele kafungwa kitambaa kichwani, kazi yake kufukuza nzi.

Komenti hiyo ilipata laiki kuliko picha yenyewe. Kesho yake ikafutwa. Picha ikabaki.

Mchekeshaji mmoja wa Kanda ya Ziwa naye hakulaza damu. Akatoa klipu kavaa wigi na koti la mkewe, kasimama mbele ya kibanda cha mkaa, anasema yupo "Yoki" na hewa ya huku ni nyingine. Watu wakacheka mpaka basi. Na mheshimiwa mmoja ambaye hapitwi na jambo akadandia humo humo, akaahidi kwamba miji ya Mara nayo itang'aa, wananchi wawe na subira.

Kiki pembeni. Kwenye kelele zote hizo hakuna aliyeuliza swali dogo kuliko yote: ule mtaa aliosimama ni mtaa wa nini?

Ni mtaa wa mabucha.

Unaitwa Shambles. Jina lenyewe limetokana na neno la Kiingereza cha kale la mabenchi ya kupangia nyama. Baadhi ya nyumba zake zimesimama tangu karne ya 14, na hazikujengwa zikiinama ili mtu aje apate picha nzuri. Ghorofa za juu zilitokeza mbele, na inaelezwa kwamba kivuli chake kilisaidia nyama isipigwe na jua. Njia ya katikati iko chini, pembeni kumeinuliwa, kwa sababu wanyama walichinjwa nyuma ya maduka na damu ilikuwa inasukumwa kwa maji ipite hapo. Chini ya madirisha kuna mbao pana zilizotokeza, hizo ndizo zilikuwa meza za nyama. Ndoano za chuma za kutundikia bado zipo, ukiinua macho unaziona. Mwaka 1872 mtaa huo, ambao unaumaliza kwa dakika chache, ulikuwa na mabucha 25.

Leo hakuna hata moja.

Kuna maduka ya chokoleti. Kuna fulana, vikombe, sumaku za kubandika kwenye friji. Kuna duka ambalo watu wanapanga foleni mpaka nje wakisubiri kununua vijisanamu vya mizimu. Na kuna zaidi ya duka moja linalouza fimbo za kichawi za Harry Potter, maana watalii wengi wanaamini filamu ile ilipigwa pale. Haikupigwa pale. Ila nani anajali, foleni ipo.

Kwa hiyo dada yetu, kama stori ya benchi na nzi ni ya kweli, alisimama chini ya ndoano zisizo na nyama, kwenye mtaa uliokuwa kazi ya ukoo wake, akasema hawa ndio wanaojua kutunza. Ndoano zimetunzwa kweli. Wauza nyama je?

Na kuna utani mwingine humo ndani, sijui nani aliupanga. Neno "bucha" Waswahili walilitoa kwa Mwingereza. Mwingereza mwenyewe pale Shambles kabaki na jina la mtaa, bucha lenyewe liko Tarime.

Haki yake apewe lakini, maana York si mji wa kubeza. Warumi waliuanzisha mwaka 71, na mwaka 306 ndipo Konstantino alipotangazwa kuwa mfalme wa Warumi, hapo hapo York. Kanisa lake kuu lilianza kujengwa upya mwaka 1220 na kazi ikakamilika mwaka 1472. Hesabu mwenyewe, ni vizazi vingapi vya mafundi walikufa hawajaona paa lote. Ukuta wa kale wa mji unatembea juu yake zaidi ya kilomita tatu. Mtu akifika pale akashangaa, ana haki ya kushangaa.

Hata humo Shambles kuna kumbukumbu ya mwanamke mmoja, Margaret Clitherow, mke wa muuza nyama. Aliwaficha mapadri wa Kikatoliki wakati dini hiyo imepigwa marufuku, akakamatwa, akakataa kujibu mashtaka, na mwaka 1586 akauawa kwa kukandamizwa na mawe. Kanisa Katoliki lilimtangaza mtakatifu mwaka 1970. Nyumba moja ikafanywa mahali pa sala kwa heshima yake, baadaye ikaonekana kuna uwezekano nyumba yake ilikuwa nyingine, upande wa pili wa mtaa. Hiyo haijaharibu kitu. Watu wanaingia, wanakaa kimya, wanatoka. Mke wa mwenye bucha, miaka zaidi ya 400, jina lake lipo. Hapo York imeshinda, na ubishi hauhitajiki.

Shida ni kwamba picha ya staa haikuonyesha upande wa pili. Katikati ya miji ya Uingereza, si York peke yake, pamekuwa na msiba wa maduka kwa miaka. Woolworths, duka ambalo kila mtoto wa Kiingereza alinunulia peremende, lilifunga milango yake yote ilipofika Januari 2009, maduka 807. BHS ikafuata mwaka 2016. Debenhams, biashara iliyoanza 1778, ikafunga maduka yake ya mwisho mwaka 2021. Wilko ikaanguka mwaka 2023, zaidi ya watu 10,000 wakakosa kazi. Sababu ni zile zile kila mahali: watu wananunua kwa simu, supamaketi kubwa zimejengwa nje ya mji ambako kuna pa kuegesha gari, na pango na kodi za katikati ya mji zinaumiza. York wenyewe wana Monks Cross, eneo la maduka makubwa pembezoni. Mwenyeji akitaka nyama ya wiki, ana kila sababu ya kuwasha gari aende huko. Katikati anawaachia watalii.

Yaani unakuwa na mji mzuri sana ambao mwenyeji hana shida nao.

Sasa rudi Tarime, asubuhi ya siku yoyote. Ubaridi wa mlimani haujaisha, watu wana makoti na mitandio. Stendi, wapiga debe wanaita Sirari, Nyamongo, Musoma, Mugumu, na Probox inabeba watu ambao ukiwahesabu hutaamini. Akina mama wa ndizi walishafika kitambo. Fundi cherehani kakaa barazani, suruali ya mtu iko mezani tangu wiki iliyopita na mwenyewe anaambiwa njoo jioni. Mabucha yamefunguliwa. Nusu ng'ombe inaning'inia, gogo lipo, shoka lipo, mteja anaonyesha kwa kidole: nikatie hapo, hapana, juu kidogo, niongezee na mfupa. Mzee kaja kutoka kijijini kuuza debe mbili za mahindi, anarudi na sukari, sabuni na nusu kilo.

Kwa mtu wa York, hiyo ni Shambles ya 1872 ikiwa hai. Angelipa kiingilio aione.

Mji wenyewe nao una historia, ila haijaandikwa ukutani, imejificha kwenye majina ambayo konda anayatamka mara hamsini kwa siku. Kata ya Bomani: hapo palikuwa boma, wakati Tarime ni makao ya wilaya ya North Mara chini ya Mwingereza. Kata ya Sabasaba: tarehe 7 Julai 1954, siku ilipozaliwa TANU. Mpaka mwaka 2007 wilaya ya Tarime ilikuwa inafika mpaka ziwani, kabla Rorya haijakatwa ikasimama yenyewe. Muulize kijana wa bodaboda Bomani ni kwa nini paitwe Bomani, atakwambia panda twende, buku.

Na mji haujasimama. Dhahabu ya Nyamongo, mgodi ulioanza uzalishaji mwaka 2002, imeleta wageni, gesti, baa zenye taa za bluu na vijana wenye simu kali. Mpaka wa Sirari nao unapumua kwenye biashara ya Tarime: shilingi ya Kenya ikipanda au ikishuka, mwenye duka la jumla anajua kabla ya taarifa ya habari. Nyumba za zamani za bati zinatoka, ghorofa za vioo zinaingia. Kibaraza kinakuwa fremu, fremu inakuwa wakala wa pesa. Soko nalo limeingia kwenye mkumbo wa nchi nzima wa masoko ya kisasa, kama Morogoro, kama Mwanza, kama Kariakoo.

Asije mtu akasema soko la kisasa ni baya. Anayesema hivyo hajawahi kuuza nyanya kwenye tope la Aprili. Hajasimama kwenye bucha ambalo maji yanaletwa kwa ndoo. Ule mfereji wa damu wa York unapendeza kwenye maelezo, ila jiulize ulikuwa unanuka vipi mwezi wa saba. Mwenye bucha anataka vigae, maji ya bomba, friji na choo, kama binadamu mwingine yeyote. Wanaolilia vibanda vya zamani mara nyingi ni wale ambao hawakai humo.

Penye utata ni kwingine. Soko likibomolewa, wafanyabiashara wanahamishwa kwa muda. Neno "kwa muda" liangalie vizuri. Miezi inapita, jengo linapanda, linazinduliwa, picha zinapigwa. Halafu inakuja orodha. Nani anarudi, nani anapata kizimba cha mbele, nani anapelekwa ghorofani ambako mteja mwenye kikapu hapandi. Kodi ni kiasi gani, na inalipwa ya miezi mingapi kwa mpigo. Kariakoo iliungua tarehe 10 Julai 2021, na baada ya mabilioni ya ukarabati ubishi mkubwa haukuwa juu ya rangi ya jengo, ulikuwa juu ya orodha. Yule aliyekuwa pale miaka ishirini bila karatasi anajikuta anashindana na mtu mwenye mtaji ambaye hajawahi kuuza hata fungu moja la mchicha.

York haikufukuza mabucha kwa tingatinga. Walihama mmoja mmoja, pango likipanda, mteja akipungua, mpaka siku moja wa mwisho akafunga. Tarime inaweza kufika hapo hapo kwa njia yake: jengo jipya, na ndani yake hakuna mtu wa zamani hata mmoja. Wale wamehifadhi nyumba wakapoteza watu. Huku kuna hatari ya kukosa vyote viwili.

Kuhusu kubomoa, hapo dada ana nusu ya ukweli. Nusu nyingine ni kwamba hata kisichobomolewa kinaweza kuanguka chenyewe. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, dunia nzima inaujua, na bado tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib ikaporomoka, watu wawili wakafa. Kumbe cheti cha UNESCO hakishiki ukuta. Upande mwingine, lile jengo la Kariakoo lenye paa la miavuli ya zege, lililochorwa na Mtanzania Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, baada ya moto halikusukumwa chini. Lilikarabatiwa, jipya likajengwa pembeni. Kumbe inawezekana bwana, tena kwa mikono ya hapa hapa.

Ukitoka Tarime ukashika njia ya Nyamongo, ukavuka Mto Mara, unaingia wilaya ya Serengeti na mwisho unafika Mugumu. Huko kuna kichekesho cha aina yake. Serengeti ni neno ambalo kila staa analo kwenye simu. Kuna wapenzi wawili maarufu, hawa nao majina tuyaache, walikula fungate yao huko, picha za simba, puto, shampeni kwenye nyasi. Walitua Seronera kwa ndege ndogo, wakaondoka Seronera kwa ndege ndogo. Kwao Serengeti ni nyasi tu. Kwamba ni wilaya pia, yenye makao makuu Mugumu, yenye Waikoma, Wanata, Wangoreme, Waisenye na Wakurya, yenye soko na stendi na watoto wanaokwenda shule, hilo halikuingia kwenye fremu.

Wageni wengi wanaingilia upande wa Arusha, geti la Naabi. Mugumu inabaki kama jikoni la nyumba ya sherehe, kila kitu kinaendelea karibu lakini hakuna mgeni anayepita.

Na huko huko Serengeti ndiko kuna jengo la mawe ambalo Mara ingeweza kulipiga picha kama York: Fort Ikoma, ngome ya Wajerumani iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1917, Vita ya Kwanza ya Dunia, kikosi cha Wajerumani kilichokuwa kinazunguka nchi kilipigania hapo. Miaka ya baadaye ngome ikageuzwa loji ya watalii. Hadithi hiyo yote iko njiani mtu akielekea geti la Ikoma, lakini gari linapita, kijana kavaa spika masikioni, dereva anawaza mafuta.

Ila tena, mawe ya Mjerumani si historia yote ya Waikoma. Wao walikuwa pale kabla ya ngome, na hifadhi ilipotangazwa mwaka 1951 mipaka ikabadilisha maisha yao kuliko risasi za 1917. Kama mtu anatafuta nini cha kutunza Mara kwa sababu York wana mawe, ataishia kutunza ngome ya mkoloni na kusahau aliyeibebea mawe. Kule kwa Wakurya mambo makubwa hayakuamuliwa kwenye jengo. Yaliamuliwa kwenye ritongo, watu wamekaa chini ya mti, mzee anasimama na fimbo. Utapaka rangi gani hapo? Kinachotunzwa ni mtu anayekumbuka na mahali pa kukutania. Litungu halitundikwi ukutani likapona, lazima liwe na mpigaji.

Ndiyo maana ile komenti iliyofutwa inauma kuliko picha. Kuna mastaa wangapi wa Tarime ambao kwenye kurasa zao wanatokea Mwanza, Musoma, wengine kabisa Dar? Wanajua sababu. Tarime ikitajwa kwenye habari ni panga, bangi, mgodi, ukeketaji, au utani wa kwamba Mkurya hasalimii mara mbili. Mtu mwenye mkataba wa kutangaza losheni anaogopa jina hilo litamharibia soko. Inaeleweka. Haipendezi, lakini inaeleweka. Matokeo yake, wenye wafuasi laki tano hawauonyeshi mji, na anayeuonyesha ni yule anayekuja kurekodi vurugu na kuondoka.

York ina watu wanaoisema vizuri kila siku mpaka uongo wa filamu unauza fimbo. Tarime ina ukweli wake mezani, moto, unatoa mvuke, na binti wa nyumba anaona aibu kuukaribia.

Aibu ya nini lakini? Bucha lilimsomesha, kama hao waliosoma naye hawadanganyi. Sasa hivi angekuwa na kitu ambacho staa mwingine yeyote mjini hana: angesimama pale Shambles akaandika kwamba hapa zamani palikuwa na mabucha 25 kama la baba mdogo, leo hakuna, na la kwetu lipo. Picha hiyo hiyo, koti lile lile. Kampuni ya losheni isingekimbia. Pengine wangeongeza na pesa.

Kwa upande wa Tarime, hakuna haja ya kusubiri staa. Simu kila mtu anayo. Kabla jengo la zamani halijatoka, kijana apige picha mlango kwa mlango, aandike nani alikuwa anauza nini na tangu lini, amhoji yule mama wa ndizi aliyepo tangu watu wa sasa hawajazaliwa. Ikija siku ya orodha ya vizimba, picha hizo ni zaidi ya kumbukumbu, ni ushahidi. Halmashauri ikiulizwa mapema, kwa maandishi, waliohamishwa watarudi wangapi na kwa kodi ipi, jibu litabidi litoke kabla ya utepe kukatwa. Baada ya hapo ni kulia tu mtandaoni.

Tetesi za mjini ni kwamba Desemba mwanadada anakuja nyumbani, kuna sherehe ya ukoo na safari hii baba mdogo kasisitiza. Wale wale waliofutiwa komenti wanasema bucha bado lipo, karibu na stendi, linafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Jumapili wahi, kichuri kinaisha mapema.